Kamba ya Ndama

Sweta ya shule ni ndefu kuliko unavyodhani. Ukiizungusha tumboni kwa mtoto aliyekaa kwenye kiti, mikono ya sweta inafika nyuma ya kiti na inabaki ya kufunga fundo, tena fundo mara mbili. Nimejua hayo juzi tu, katika darasa la mwanangu hapa Nakuru. Nilikuwa nimeitwa na shule, nikaingia bila kubisha, nikamkuta Kamau amefungwa kwenye kiti kama mzigo wa kuni.

"Si kwa ubaya, Mama Kamau," mwalimu wake akaniambia, na alikuwa anatabasamu. "Ni kumsaidia tu atulie. Huyu kijana ni hyper sana, hakai. Na jana alivunja dirisha. Lakini si unaona, hata hajalia."

Hajalia! Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kamau alikuwa ameniona na kunipungia mkono kwa furaha, kana kwamba kufungwa ni sehemu ya somo. Nilimwambia mwalimu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu mama yangu bado yu hai na anajua kusoma. Kisha nikapiga magoti nyuma ya kiti. Fundo lilikuwa limekaza, sweta ina unyevu wa mvua ya asubuhi, kucha zikashindwa, nikalivuta kwa meno. Harufu ya nyuzi mbichi zilizopata joto la mwili wa mtoto ikaniingia puani, na papo hapo nilikuwa jikoni kwa shosho, bibi yangu, mimi msichana wa umri kama wa Kamau, na kamba ya ndama iko kiunoni mwangu.

Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Na hapewi jina tu. Shosho yangu aliitwa Wangui, nami nikaitwa Wangui, na tangu nikiwa mchanga baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Wageni wakija walinisalimia kwa utani, "Shosho, magoti yanaumaje?" Mtoto akilelewa hivyo, anaamini. Mimi niliamini kwamba shosho na mimi ni mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili, yeye akiwa kile kilichotangulia. Nikiiba sukari, nilijiuliza kama na yeye huko kwake anaonja utamu.

Shida ni kwamba kipande hiki cha pili hakikutulia hata dakika. Tuliishi Mai Mahiu, na mama alikuwa na kibanda cha chai na chapati kando ya barabara, pale malori yanaposimama kupumua kabla ya kupanda mlima. Hebu fikiria mtoto kama mimi mahali kama pale. Breki zikipuliza, nimeruka. Turubai likipigapiga, nimekimbia kuona limebeba nini. Mama alikanda unga kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika nyuma ya gauni langu.

Hakuwa na neno la kuita hali yangu. Neno nimelipata mwenyewe ukubwani, kwa daktari aliyempima Kamau. Alisema ni ADHD, akanieleza kwamba kuna watoto ambao ubongo wao umeshafika mbali kabla miguu haijavaa viatu, na kwamba si utundu wala si malezi mabaya. Akauliza kama kuna mwingine kwetu mwenye hali hiyo. Nilicheka mpaka daktari akaniletea maji.

Mama hakuwa na neno, lakini alikuwa na punje za mahindi. Akinituma vitu viwili dukani, alinitilia punje mbili kiganjani na kunikunja vidole. "Ukifika, fungua, ukumbuke ni viwili." Hesabu alinifanyisha nikizunguka kibanda mbio. "Saba mara sita! Zunguka, uniletee jibu!" Madereva walicheka mpaka chai ikawamwagikia, lakini jibu nililileta, na lilikuwa sahihi. Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyatafuta mwenyewe, siku baada ya siku, mgongo ukimuuma. Na kwa kazi hiyo yote alipewa nini? Matusi. Kanisani walimwambia, "Mama Wangui, huyo mtoto umemlea kama mbuzi wa barabarani." Walimu walimuuliza kama kwake hakuna kiboko. Hata wanawake aliowapa chai ya bure walimwambia, wakiwa na kikombe chake mkononi, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ninakasirika nikiandika. Sawa tu. Mama hakukasirika wakati ule, hakuwa na nafasi, kwa hivyo mimi ninakasirika kwa niaba yake.

Siku moja nilitoka darasani kupitia dirishani kwa sababu barabarani kulikuwa kunapita lori lililobeba lori jingine. Niambie wewe, nani angekaa? Nililifuata mpaka likaanza kupanda mlima, na mimi nyuma yake ukingoni mwa barabara, nikipunga mkono. Dereva mmoja mteja wa mama alinitambua akanirudisha. Mama alinikumbatia kwanza ndipo akaketi chini kwenye vumbi, mbele ya wateja. Habari zilifika kwa shosho kabla ya wiki kwisha, na shosho akaja.

Namwona mpaka leo, mwanamke mwembamba aliyenyooka, kitambaa cheupe kichwani, soksi ndefu zimevutwa mpaka magotini hata jua liwe kali vipi. Hakugusa chai. Alimtazama mama kama mtu anayetazama sahani chafu.

"Huyu anachafua jina langu," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto mtulivu. Nilikaa pale nilipowekwa. Haya ya kukimbiakimbia ameyatoa kwa watu wa kwenu. Nipe jina langu, nikalinyooshe."

Nalichukia neno hilo, kunyoosha. Watu wetu wananyoosha nguo kwa pasi, wananyoosha mabati kwa nyundo, na watoto wananyooshwa vivyo hivyo. Baba alitazama paa la kibanda kana kwamba anatafuta mahali panapovuja. Ikakubaliwa kwamba nitakaa kwa shosho likizo nzima ya Desemba, na nikinyooka, nibaki huko kabisa, nisome huko, nikue huko. Mama alifunga nguo zangu, akanitilia punje moja ya mahindi mfukoni. Nilimuuliza ni ya kukumbuka nini. Akasema, "Kwamba nitakuja."

Kwa shosho kulikuwa karibu na Kariandusi, upande ule ambao udongo ni mweupe kama unga na ukipulizwa na upepo unakaa juu ya kila kitu, juu ya majani ya leleshwa, juu ya mabati, juu ya kope za ng'ombe. Nilipafurahia sana. Kulikuwa na nyani, kulikuwa na mashimo, kulikuwa na kilima cheupe cha kuteleza. Nilifurahia asubuhi moja. Kufikia mchana nilikuwa nimeacha ng'ombe wameingia kwenye waru, yaani viazi vya shosho, kwa sababu ya nyani, na jioni shosho alileta kamba.

Ilikuwa kamba ya katani, ya kufungia ndama ili asinyonye kabla ng'ombe hajakamuliwa. Aliifunga kiunoni mwangu, na ncha ya pili kwenye nguzo ya katikati ya jikoni. Hakunipiga, na hakupandisha sauti. "Ndama hafungwi kwa kuchukiwa," akaniambia, akakaza fundo. Kamba ilifika mlangoni, mwisho. Ningeweza kusimama kizingitini nikaona kile kilima cheupe, lakini mguu haukuweza kuvuka. Kila siku, baada ya uji mpaka chakula cha jioni, nilichambua maharagwe nikiwa pale. Katani ikilowa jasho inanuka kama mnyama, na inawasha. Nilijikuna mpaka ngozi ikatoa maji.

Sasa sikiliza akili ya mtoto. Sikudhani ananionea. Kwa kuwa shosho na mimi ni mtu mmoja, nilidhani ni utaratibu wetu sisi akina Wangui, na kwamba zamu yake itafika. Kwa hivyo siku moja nikamuuliza, kwa adabu kabisa, "Shosho, wewe unafungwa lini?"

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo. Kisha akasema, "Nyamaza, chambua maharagwe."

Aliyekaa nami humo jikoni ni dada yake mkubwa, Shosho Njeri, bibi aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiona moto na kivuli tu. Shosho alipokwenda shambani, Shosho Njeri alinipigia hadithi huku akitafuna viazi kwa ufizi. Na hadithi zote zilimhusu Wangui.

"Wangui huyo!" angesema, akicheka. "Alipewa mbuzi achunge, akaona vipepeo, akarudi na vipepeo. Mbuzi tulitafuta mpaka kesho yake. Wangui alitumwa moto kwa jirani, akaja na kaa la moto kwenye kigae, halafu akasikia treni. Aka! Akaweka kaa kando ya ghala, akakimbia kuona treni. Ghala likashika. Mahindi ya mwaka mzima! Akarudi akaingia ndani ya moto kutoa mtama wa mama, mguu ukaungua hapa, chini ya goti."

Mimi ndiye Wangui. Kila mtu alikuwa ameniambia maisha yangu yote kwamba ninasahau. Nilisahau viatu kanisani, nilisahau jina la mwalimu wangu, nilisahau ng'ombe wakiwa mbele yangu. Basi kwa nini nisisahau ghala? Nilimwamini yule bibi. Nilikaa pale chini ya nguzo nikajaribu kukumbuka moto, na nikifumba macho sana, wallahi, nikaanza kuuona. Niliinua gauni nikatafuta kovu chini ya goti. Halikuwepo. Nikadhani limepona.

Hilo ndilo sitaacha kulikasirikia mpaka nife. Kamba iliwasha, lakini ngozi hupona. Lakini kumfanya mtoto awe tayari kuamini kwamba kila kibaya kilichotokea duniani ni yeye amekifanya, tena amekifanya akasahau? Sikulala vizuri. Nilijiona nastahili kamba, na nikaanza kukaa kimya. Shosho aliona ninakaa kimya akafurahi. Aliniongezea maziwa. "Sasa unafanana na mimi," akasema.

Asubuhi moja nilimkuta anajipaka mafuta miguuni kabla ya kuvaa soksi. Chini ya goti ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Alivuta soksi haraka. Niliona, lakini kichwa changu kilikuwa mahali pengine, kulikuwa na panya kwenye dari.

Jumapili ya mwisho ya likizo wazazi wangu walikuja kuambiwa kama nimenyooka. Shosho kwa kawaida alificha kamba wageni wakija, lakini siku hiyo baba alisimama langoni kuongea na jirani, na mama hakumngoja. Alipita nyuma ya nyumba moja kwa moja mpaka jikoni, na unga na mkate mkononi, akanikuta.

Mama aliweka unga chini. Aliweka mkate juu ya unga. Akachukua kisu cha waru kilichokuwa kwenye beseni, akaishika kamba karibu na nguzo, akaikata kama anayekata nyama ngumu, akikoroma kwa pumzi. Nilimwambia, "Mami, usikate, ni ya ndama, shosho atakugombeza." Ndipo akaanza kulia.

Tuliingia sebuleni, mama amenishika mkono na mimi ninaburura kamba nyuma yangu kama mkia. Shosho alikuwa ameshaketi na baba. Aliitazama ile ncha iliyokatwa, akatikisa kichwa.

"Unaona?" akamwambia baba. "Huyu mwanamke hana heshima, ndiyo sababu mtoto hana adabu. Mimi nimeanza kumtuliza, yeye anakata. Niachieni mimi. Jina langu halijawahi kuwa na wazimu. Niulize mimi, nilikuwa mtoto wa kukaa. Sikuwahi kuharibu hata kibuyu."

Baba alikuwa anatazama dari. Mama alifungua mdomo, na mimi nilijua, kama watoto wanavyojua, kwamba chochote atakachosema kitatumiwa kumpiga. Nilikuwa nabaki. Ilikuwa imeshaamuliwa, bado kusemwa tu. Na katikati ya hofu hiyo, kichwa changu, hiki hiki cha kurukaruka, kikaruka kutoka kwenye kibuyu mpaka kwenye ghala, kutoka kwenye ghala mpaka kwenye mguu, kutoka kwenye mguu mpaka kwenye soksi.

"Si mimi!" nikapiga kelele. Niliruka juu ya kochi na viatu. "Si mimi! Shosho, ni wewe! Ni wewe uliunguza ghala! Ni wewe ulifuata treni! Wewe uko na kovu, mimi sina! Mami, angalia mguu wangu, sina!"

Hakuna aliyenigombeza. Pale nilipoingilia maneno ya watu wazima, kosa nililopigiwa maisha yangu yote, hapo kwa mara ya kwanza chumba kizima kilinyamaza kunisikiliza. Na kutoka jikoni ikaja sauti ya Shosho Njeri, amechangamka, anatafuna, "Sasa mlidhani nilikuwa nasema nani? Huyo alikuwa anafungwa na mama yetu kwa mti wa nje. Alilia mpaka akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa mtulivu!"

Shosho aliinama akavuta soksi, ingawa ilikuwa imeshafika gotini. Nilidhani amenikasirikia. Uso wake ulikuwa umefunga kabisa. Alipozungumza, hakumwangalia mtu yeyote.

"Mpeleke mtoto wako, Mama Wangui," akasema.

Hatukuzungumza naye tena habari hiyo mpaka tulipomzika. Mazishini walimsifu kwa utulivu wake. Watu wa umri wangu wananiambia nimsamehe, kwamba na yeye alikuwa mtoto aliyefungwa, kwamba hakujua njia nyingine. Najua alikuwa mtoto aliyefungwa. Nikimfikiria yule msichana chini ya mti, na treni inapita bila yeye kuiona, nalia kweli. Lakini yule bibi aliyeleta kamba alijua. Tulifundishwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shosho yangu aliumwa, na alipouona ung'ongo hakushtuka, aliuokota akanifunga nao. Na akamwambia mama yangu usoni kwamba wazimu umetoka kwa watu wa kwao. Sijamsamehe. Kulia ni kitu kingine.

Ile kamba tulirudi nayo Mai Mahiu, ilikuwa bado kiunoni. Mama aliifua, akaianika juu ya kibanda, akakata ncha zilizochakaa, akanipa niruke. "Nane mara saba!" aliniita akiwa anageuza chapati, na mimi nilihesabu kwa miguu. Nilifaulu hesabu kwa kamba hiyo. Wale wanawake wa chai ya bure wakasema, ahaa, unaona, shosho yake alimnyoosha.

Basi juzi nilifungua fundo kwa meno, nikamshika Kamau mkono, tukatoka. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ya kuelekea kwetu Rhonda ilijaa madimbwi. Hakuacha hata moja. Tulipokaribia nyumbani alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mami, nisamehe kwa lile dirisha."

"Ulilivunja?"

"Mwalimu anasema ni mimi."

"Nimekuuliza wewe."

Alikuna kichwa. "Sikumbuki. Lakini mimi si husahau vitu? Labda nililivunja, nikasahau."

Nilisimama pale pale, pikipiki zikinipigia honi. Nilichuchumaa kwenye matope na sketi yangu ya kazini, nikamshika mabega.

"Sikiliza. Ukikumbuka ni wewe, njoo uniambie, tutapeleka kioo kingine, na sitakupiga. Lakini kama hukumbuki, usikubali kupewa. Kusahau kwako si debe la kila mtu kutupia takataka zake. Umenisikia?"

"Hata mwalimu akisema?"

"Hata mwalimu. Hata mimi."

Alifikiri, na unajua anafikiri kwa sababu kidole gumba cha mguu hucheza ndani ya kiatu. Uso wake ukafunguka polepole.

"Kioo kilikuwa kimevunjika tangu jana asubuhi," akasema. "Nilikikuta. Mami, nilikikuta! Si mimi!"

Akachomoka mbio barabarani, akikanyaga madimbwi, mikono juu. "Si mimi! Si mimi!" Muuza mahindi akageuka, wanawake waliokuwa wakichota maji wakageuka, na mmoja wao akanitazama kwa ule mtazamo ninaoujua, akasema, "Mama, huyo mtoto hebu mtulize."

Nilimwambia hapana, nikamwacha apige kelele mpaka nyumbani.